Bata wa Kahawia wa Ziwa Nakuru: Mstari Uko Juu ya Jicho au Chini Yake?

Fomu ya sensa ya ndege wa maji ina mstari mmoja ambao wahesabuji wengi huona haya kuujaza: ule wa bata wasiotambuliwa. Ukiandika namba hapo unajihisi kama umetangaza mbele ya kundi zima kwamba kazi imekushinda. Kwa hiyo bata wengi wa kahawia wanaoonekana kwa mbali hupewa jina la kwanza linalomjia mtu mdomoni, na jina likishaingia kwenye fomu, ni nani atarudi kulifuta? Kisa hiki ni cha bata mmoja aliyepewa majina manne kwa muda mfupi, ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nakuru, na cha njia iliyotufikisha kwenye jina la tano.

Nakuru ni ziwa la mjini kwelikweli. Ukisimama pale Baboon Cliff, upande wa magharibi, unaliona ziwa chini yako na jiji limetanda ng'ambo, na katikati yake hakuna kitu ila uzio wa hifadhi na mashina ya migunga iliyokufa ndani ya maji. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1968. Mwaka 1990 ziwa likawa eneo la kwanza la Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhioevu, na mwaka 2011 likaingia katika Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elmenteita. Sifa hiyo yote ililetwa kwa sehemu kubwa na flamingo, na mpaka leo mgeni akishuka kwenye gari swali lake la kwanza ni flamingo wako wapi.

Wengi wamehama, na sababu yake inahusu moja kwa moja bata wetu. Flamingo mdogo anaishi kwa kuchuja mwani wa spirulina, na mwani huo unataka maji makali ya magadi. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji ya Nakuru yalipanda bila kushuka kama ilivyozoeleka. Ziwa lililokuwa na takriban kilomita za mraba 40 likapita 60, geti kuu la zamani likamezwa pamoja na barabara na majengo, na magadi yakazimuliwa. Mwani ukapungua, flamingo wakaenda kutafuta riziki Bogoria na kwingineko. Lakini maji yakipungua ukali, ndege wengine hukaribishwa. Zamani ukiambiwa kuna bata Nakuru ungeweza kubahatisha bila kuinua darubini: huyo ni Anas capensis, bata mweupemweupe wa maziwa ya magadi, mwenye mdomo wa waridi. Kubahatisha kwa namna hiyo hakufai tena, ingawa mazoea bado yapo.

Sensa yenyewe hufanyika Januari, na kwa maziwa ya Bonde la Ufa imekuwa ikifanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Januari ni mwezi mzuri na mbaya kwa wakati mmoja. Ni mzuri kwa sababu wahamiaji wa Ulaya na Asia wapo. Ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo: orodha ya bata wanaowezekana inarefuka ghafla, na wengi wa hao wageni ni wa kahawia, hasa majike.

Kundi letu lilikuwa la watu watano. Kiongozi alikuwa mwalimu mstaafu ambaye wote tulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Walikuwepo askari wa wanyamapori anayeijua kila korongo ya hifadhi, mama mmoja anayetembeza watalii, kijana wa chuo mwenye simu inayovuta picha mbali, na binti aliyeshika ubao na fomu. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni wa kundi, kwa hiyo kwenye hesabu ya watano hao simo.

Kukuziwa, ndege wa maji, walikuwa wametawanyika kati ya mashina ya migunga, weusi, wenye paji jeupe. Kati yao alikuwepo ndege mmoja wa kahawia. Anaonekana, anazama, maji yanafunga, halafu anaibuka hatua kadhaa mbele. Jua lilikuwa limeshaanza kupanda na juu ya maji kulikuwa na mtetemo wa joto unaofanya kila kitu kionekane kama kinachemka.

"Kibisi," akasema askari, na akageuka aendelee na safari.

Ilikuwa dhana ya haki. Kibisi mdogo, ndege wa maji asiye bata, ni wa kahawia, anazamia mchana kutwa, na kwenye maziwa haya ni wa kawaida. Lakini kibisi mdogo hafikii hata sentimita 30, wakati kukuziwa ana zaidi ya 40, na ndege huyu alipopita mbele ya kukuziwa hakuonekana mdogo hata kidogo. Wakiwa wawili kwenye darubini moja, kwa umbali ule ule, hakuna haja ya kukisia ukubwa. Halafu mdomo: kibisi ana mdomo uliochongoka, wa kudona, na huyu alikuwa na mdomo bapa. Askari mwenyewe alitazama tena akasema, "Haya, ni bata. Lakini bata gani anazamia hivyo?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko majibu matatu yaliyofuata.

Kijana alikuwa ameshapiga picha. Aliikuza kwa vidole, akaona uso wenye mistari myeupe na myeusi, akasema ni Spatula querquedula, yule bata mdogo mhamiaji ambaye jike lake linajulikana kwa uso wa mistari. Mama akakataa. Yeye alisema ni pochadi wa kusini, Netta erythrophthalma, kwa sababu pochadi ni wa kahawia, anazamia, na jike ana weupe usoni. Binti wa fomu, ambaye kalamu yake ilikuwa inasubiri neno moja tu, akauliza kama hawezi kuwa yule bata mdogo wa mdomo wa bluu, kwani ameona kofia nyeusi kichwani na shavu jeupe. Tayari majina manne, na kila mwenye jina alikuwa na alama ya kuonyesha. Ndipo kitabu kilipotolewa kwenye mkoba, na Mwalimu akakiwekea mkono.

"Funga hicho. Kwanza kila mtu aandike alichokiona. Jina tutalitafuta baadaye."

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu naamini uamuzi huo ndio uliomtambua ndege, kuliko kitabu chochote. Mtu akishafungua ukurasa, macho yake huanza kuazima. Anaona mchoro wa pochadi, kisha akirudi kwenye darubini anaona pochadi. Picha ya simu nayo ina kasoro ya namna hiyo. Inakamata nusu sekunde ya ndege aliyelowa, mwanga ukiwa umemchoma upande mmoja, na baada ya hapo watu wanaijadili picha huku ndege mwenyewe yuko mbele yao akiendelea kula.

Vikaratasi vilipokusanywa, mambo fulani yalirudiwa na karibu wote bila kushauriana. Mwili mzito, umekaa chini sana majini, kama mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi. Kichwa kikubwa, shingo nene na fupi. Anazamia mfululizo, hakuonekana hata mara moja akila kwa kutumbukiza kichwa na kuinua matako, kama bata wa kawaida wafanyavyo. Mkia mrefu umelala bapa juu ya maji nyuma yake. Askari, ambaye hakuwa amependa zoezi hili, ndiye peke yake aliyeandika kwamba mkia uliinuka mara moja ukasimama kama umekakamaa, kisha ukashuka.

Orodha hiyo haikuwa na rangi karibu hata moja, na tayari ilikuwa imeondoa majina mawili. Yule mhamiaji wa mistari na yule mdogo wa mdomo wa bluu wote ni bata wa juu ya maji. Wanachuja uso wa maji, wanatumbukiza kichwa, wanaelea juu na mkia wao uko wazi juu ya maji. Kuzamia wanaweza, wakitishwa kwa mfano, lakini hawatafuti chakula kwa kuzama tena na tena mbele yako. Yule wa mdomo wa bluu tena ni mdogo mno, ni wa sentimita 35 hivi. Angesimama karibu na kukuziwa angeonekana kifaranga. Kijana hakuridhika. "Lakini mistari, Mwalimu. Mistari ipo. Iangalie."

Mistari ilikuwepo kweli. Mwalimu akauliza: "Uko juu ya jicho au chini?"

Kimya. Watu watatu walikuwa wameandika "mstari mweupe usoni" na hakuna aliyesema uko wapi. Kwenye picha jicho lenyewe halikuonekana, lilikuwa limezama kwenye weusi wa kichwa. Binti wa fomu ndiye aliyekuwa na jibu, na hakujua kwamba analo. Pembeni mwa karatasi yake, badala ya maneno, alikuwa amechora duara, nukta moja ndani yake, na mstari uliopita chini ya nukta kutoka mdomoni hadi kisogoni. Chini ya mstari huo alikuwa amepaka wino kidogo, halafu akaacha koo jeupe. Mchoro haukuzidi ukubwa wa kifungo cha shati.

Jike la yule mhamiaji lina unyusi mweupe juu ya jicho. Ndiyo alama yake kuu: unyusi, kisha mstari mweusi unaopita kwenye jicho, kisha doa jeupe karibu na mdomo. Pochadi jike hana mstari wa kulala kabisa. Ana weupe kwenye shina la mdomo na umbo la hilali linaloshuka nyuma ya jicho kuelekea kooni. Yule mdogo wa mdomo wa bluu ana shavu zima lililo jeupe, lenye doa jeusi nyuma yake. Na kuna bata mmoja tu kati ya wale wa Afrika Mashariki ambaye kofia yake nyeusi inashuka hadi chini ya jicho, ikafuatwa na mstari mmoja mweupe ulionyooka, kisha mkanda mwingine wa kahawia, kisha koo jeupe, bila unyusi wowote: jike la maccoa, Oxyura maccoa. Huyo ndiye pekee wa kwetu katika jamii ya bata wenye mkia mgumu, ambao hutumia mkia kama usukani wakiwa chini ya maji. Miguu yao imekaa nyuma sana mwilini, hivyo wanaogelea kwa ustadi na kutembea nchi kavu kwa taabu.

Dume la maccoa wakati wa kuzaliana halimpi mtu shida: kichwa cheusi, mwili wa rangi ya chestinati iliyokolea, yaani kahawia nyekundu, mdomo wa bluu unaong'aa hata kwa mbali. Tatizo ni jike, na wengi tunaotazama ndege tumemjifunza dume tu.

Mama hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki ya kutokukubali. Pochadi ni bata wa kuzamia, ana ukubwa karibu ule ule, na weupe wa usoni kwa mbali unaweza kuungana ukawa kama mstari. Mchoro wa binti ulikuwa mchoro wa mtu mmoja. "Nionyesheni bawa," akasema, "nitanyamaza."

Ombi hilo lilikuwa la mtu anayejua ndege. Pochadi, dume kwa jike, ana utepe mweupe mpana unaotembea kwenye urefu wa bawa lote. Akiruka huwezi kuukosa. Maccoa bawa lake ni la kahawia tupu. Shida ni kwamba maccoa haruki ovyo. Akitishwa huzama, au hukimbia juu ya maji umbali mrefu kabla ya kuinuka. Kumtisha makusudi ili aruke ni jambo ambalo hatukulifikiria, na mtu anayelifanya wakati wa sensa anavuruga hesabu ya ndege wengine wote wa ufuko ule.

Tukasubiri. Bata wote, wawe wa aina gani, wakimaliza kuoga au kujipanga manyoya huinuka nusu mwili juu ya maji na kupiga mabawa mara mbili tatu. Ndiyo nafasi ya kuona bawa bila kumsumbua ndege. Huyu alichukua muda mrefu. Alizamia, akaibuka, akajisafisha kifua, akazamia tena. Kijana aliweka simu mfukoni hatimaye na kushika darubini. Bata alipoinuka kupiga mabawa, sote tulikuwa tunatazama: kahawia, kuanzia begani hadi ncha. Mama akasema "Haya," akachukua daftari lake akaandika.

Kuna pingamizi moja lililokuja baadaye ambalo nalitaja kwa sababu litamkuta mtu yeyote anayetafuta kwenye simu. Kijana alipotafuta picha za bata wa mkia mgumu, zilizojaa mbele yake zilikuwa za Oxyura jamaicensis, bata wa Marekani, ambaye jike lake linafanana na la maccoa kwa kiasi cha kutia wasiwasi: shavu jeupe lililokatwa na mstari mmoja wa giza. Bata huyo aliletwa Uingereza kufugwa, akatoroka, akaenea porini na kufika hadi Hispania, ambako alianza kuzaliana na ndugu yake wa huko, Oxyura leucocephala, mpaka serikali zikaingilia kati na kuanza kumwondoa. Kwenye maziwa ya Bonde la Ufa hana historia hiyo. Picha nzuri ya ndege wa bara lingine inaweza kukupotosha kuliko picha mbaya ya ndege wako, na mahali ulipo ni alama ya utambuzi sawa na rangi ya mdomo.

Kwa nini kuhangaika hivyo kwa bata mmoja? Maccoa yuko kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Wako wa kusini mwa Afrika na wako wa kwetu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya hadi Tanzania, na hawa wa kaskazini ndio wachache zaidi. Mwaka 2007, chini ya mkataba wa ndege wahamiaji wa maji wa Afrika na Eurasia, uliandaliwa mpango wa hatua kwa ajili yake. Mpango wa namna hiyo hauna macho yake wenyewe. Unategemea namba zinazotoka kwenye fomu kama ile. Kibisi mmoja zaidi kwenye orodha ya vibisi habadilishi kitu, lakini maccoa mmoja aliyeandikwa kibisi ni maccoa ambaye kwa upande wa takwimu hakuwepo.

Na namna anavyokula inaeleza kwa nini anapungua, na kwa nini ziwa la mjini ni neema na hatari kwake. Maccoa anazamia hadi kwenye tope na kuchuja vibuu vya wadudu, hasa vile vya usubi wasiouma wanaojaa kwenye maji yenye uozo mwingi. Ndiyo maana katika nchi nyingi mtu anayemtafuta anaanzia kwenye mabwawa ya majitaka. Nakuru nayo ina mabwawa ya namna hiyo kandokando ya hifadhi, na watazamaji wa ndege wa mji huu wanayajua vizuri, japo si mahali pa kumpeleka mgeni kabla ya chakula cha mchana. Lakini tope linalolisha vibuu ndilo linalokusanya pia kila kinachotoka mjini, na ndege anayekula chini ya bwawa anakula na vilivyotuama. Ongeza nyavu za wavuvi: bata wa juu ya maji akikutana na wavu anaupita, bata wa kuzamia ananasa chini ya maji na kufa. Katika ziwa ambalo samaki wameongezeka kadiri magadi yalivyopungua, hilo si jambo la kudharau.

Lilibaki suala la jinsia. Binti alikuwa ameshaanza kuandika "jike" Mwalimu alipomzuia. Dume la maccoa nje ya msimu wa kuzaliana hupoteza ule uchestinati na mdomo wake hufifia, akawa wa kahawia mwenye uso unaofanana na wa jike. Makinda nao wana sura hiyo hiyo. Kwa umbali ule na kwa mwanga ule hatukuwa na alama ya kuwatenganisha, na hakuna kati yetu aliyedai kuwa nayo, hata kijana. Kwenye safu ya aina ikaandikwa Oxyura maccoa, kwenye idadi 1, na kwenye maelezo "sura ya jike". Kile kimchoro cha pembeni tulikipiga picha na kukiambatisha na fomu. Kisha askari akasema kama ni hivyo basi twende tukayatazame mabwawa ya majitaka kabla jua halijawa kali zaidi, maana huko amewahi kuona "vibisi wakubwa" kadhaa ambao sasa hana hakika nao tena.